Nywila ya Ukutani

Saa nne na dakika kumi asubuhi, vinyago vitatu vilifutwa kwenye orodha ya kompyuta ya makumbusho. Vilipofutwa vingine mwaka jana, mkuu wa ghala alimbebesha dada yangu lawama, naye dada akafukuzwa kazi ya ufundi wa kompyuta. Ofisi nzima ilitumia nywila moja iliyobandikwa ukutani, hivyo hakuweza kujitetea. Nilipoajiriwa mahali pake niliuficha undugu wetu, nikampa kila mfanyakazi nywila yake, nikasubiri miezi mitano.

"Fundi, nawe umeiroga mashine kama mwenzako?" mkuu wa ghala alicheka mbele ya mkurugenzi.

"Mashine imeandika jina lako, mzee, na vinyago vyenyewe havimo ghalani. Huyo mwenzangu ni dada yangu, tumbo moja."

Mkurugenzi alisoma kioo cha kompyuta mara mbili. Saa nne na nusu, mlinzi alimnyang'anya mkuu wa ghala funguo.