Mama Alute Alicheka

Mama Alute wa Ulemo, kule Iramba, hakuwa mjinga. Walioandika hivyo kwenye simu zao baada ya kuona video hawakumjua. Tangu mume wake afariki alilima alizeti mwenyewe, akasomesha mtoto mpaka kidato cha nne, na mnunuzi mwenye mizani ya ujanja hakurudi kwake mara ya pili. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alicheka, na alicheka kwa sababu mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa mtani.

Mtoto alikuwa mmoja, Alute, kijana mwenye shingo nene, mbeba magunia kwenye mashine ya kukamua alizeti. Jioni alirudi akinuka mashudu mpaka mbwa wanamfuata. Mwalimu Fredrick wa sekondari alimfundisha karate, na kutoka hapo akaingia kwenye ule mchezo wa kupigana ndani ya kizimba cha wavu, ambao ngumi ruksa, mateke ruksa, na mtu akianguka anafuatwa huko huko chini. Vijana wanauita MMA. Mama yake aliuita ugomvi.

"Mama, ugomvi gani una refa?"

"Mwenye akili akiona watu wanapigana anawaamua. Huyo wenu anawazunguka tu."

Alute akashinda pambano Singida mjini, watu wakambeba juu juu. Haukupita muda, gari jeupe likasimama Ulemo. Akashuka Anselm, promota mwenye kambi ya wapiganaji Dar es Salaam, mzaliwa wa Mandewa pale Singida. Mnyaturu.

Hapo ndipo palipoharibika. Mnyiramba na Mnyaturu ni watani. Akikutukana unamrudishia, akibeba kitu chako unakikomboa, na atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Anselm aliingia uani bila shikamoo.

"Siamkii Wanyiramba," alisema. "Nimefuata mali yangu. Yuko wapi huyo ng'ombe dume?"

Majirani wakaanza kusogea. Mama Alute akafuta mikono kwenye khanga.

"Njaa imewazidi huko Mandewa mpaka mnatafuta watu wa kula?"

"Huyu nikimchukua ni wangu. Hapigani bila mimi, haendi popote bila mimi."

"Na akiumia?"

"Akiumia ni shauri yake."

"Na akila?"

"Akila ni mkopo."

Watu walicheka mpaka Magreth, jirani, akakaa chini. Mama Alute naye alicheka hadi machozi, akampiga Anselm begani. "Mchukue basi, mchoyo wewe. Kaa naye hata miaka kumi, mimi nimechoka kumpikia."

Aliyekuja na Anselm alikuwa amenyoosha simu, anapiga picha za video. Hakuna aliyemjali, siku hizi nani hapigi picha? Karatasi zikaletwa. Alute akaweka sahihi, mama yake akaweka chini yake kama shahidi. Maneno yalikuwa mengi na madogo, nayo furaha ilikuwa kubwa. Aliuliza tu, "Ni yale yale tuliyoongea?" Anselm akajibu, "Yale yale, mama." Hakudanganya. Yote aliyoyasema akicheka yalikuwa mle ndani.

Alute akaondoka. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, mama akitoka kanisani. Baadaye simu zikapungua, na sauti yake ikawa ya mtu anayeongea huku ameuma meno. Mama akiuliza, anajibu mazoezi. Mwaka ukapita, na mwingine, Krismasi hakuja. Mama Alute aliendelea kusonga ugali wa watu wawili, anashtuka mwiko ukiwa mkononi. Kwenda dukani alipitia njia ndefu ya mashine ya alizeti, anasimama pale nje, anavuta harufu ya mashudu, kisha anaendelea na safari. Wenye mashine walidhani anataka kununua.

Siku moja Magreth akaja mbio na simu. "Mama Alute, kaa kwanza."

Alikuwa Alute, ameketi mezani na wapiganaji wenzake wawili mbele ya waandishi wa habari. Jicho moja limevimba, mkono umefungwa. Alisema ukumbi unajaa watu, wao wanarudi kambini na deni, kwa sababu chakula na kitanda vinakatwa kwenye malipo yao. Alisema mkono umevunjika na matibabu ameambiwa ajitegemee. Akitaka kupigana kwingine, mkataba. Akitaka kuondoka, mkataba.

"Mimi ni mtoto pekee," alisema mwishoni, akiangalia meza. "Nimeomba ruhusa nikamsalimie mama yangu, hata hiyo nimenyimwa."

Mama Alute aligusa kile kioo kwa kidole, pale kwenye jicho lililovimba, na video ikasimama.

Anselm alijibu siku ya pili. Hakubishana. Aliweka ile video ya uani Ulemo, ikaenea kuliko ya kwanza. Mama yule pale, anapiga bega la promota, anacheka: mchukue, kaa naye hata miaka kumi, nimechoka kumpikia. Chini yake watu waliandika waliyotaka. Mmoja aliandika kwamba mama ameuza mtoto na chenji ya kicheko akarudishiwa.

Mama Alute alimpigia mwanawe. Ilipokelewa.

"Mama," alisema. "Kumbe alikuambia kila kitu."

"Mwanangu, ule ulikuwa utani, na wewe ulikuwepo..."

"Nilikuwa ndani nafunga begi. Nilisikia mnacheka tu. Ulikuwa umechoka kunipikia?"

Simu ikakatika. Toka hapo ikawa inaita bila kupokelewa.

Mama mwenzangu unayesoma, mtoto akiwa mbali unaweza kuvumilia. Mtoto akiwa mbali na anaamini ulimtoa mwenyewe, chakula hakipiti. Magreth alimshauri atafute mwanasheria, mwingine akamwambia aombe. Aliomba. Kisha akavaa kitenge cha kanisani, akapanda gari la Singida, akaulizia Mandewa kwa mama yake Anselm.

Bibi Severina alikuwa uani anapepeta uwele. Mkwe wake, Editha, alikuwa anafua. Mama Alute hakuamkia. Alipita moja kwa moja hadi kwa jogoo aliyekuwa amefungwa mguu, jogoo kishingo, mrefu, shingo tupu nyekundu, akamfungua na kumbana kwapani.

"Huyu mwanamke ni mzima?" Editha aliuliza.

"Natoka Iramba," alisema Mama Alute. "Nimefuata mali yangu."

Uso wa bibi ukafunguka. Kumbe alikuwa na siku nyingi hajapata mtani.

"Nilisema kunanuka nini hapa. Wanyiramba, wezi wa kuku nyie. Weka jogoo wangu chini."

"Ni wangu sasa. Haendi popote bila mimi."

"Atakufa kwa njaa huko kwenu."

"Akiumia ni shauri yake. Akila ni mkopo."

Bibi akacheka, meno mawili yaliyobaki yakaonekana yote. Editha naye akacheka, akatoa simu, akaanza kupiga picha. "Mchukue, mwizi wewe," bibi alisema. "Kaa naye hata miaka kumi. Nimechoka kelele zake."

Mama Alute hakucheka. Alisimama na jogoo wake.

"Na mimi nilicheka hivyo hivyo, bibi," alisema. "Hivi hivi. Mtoto wako Anselm alikuja na mtu akapiga picha, kama anavyopiga huyu. Sasa anaonyesha nchi nzima kwamba nilimpa mwanangu. Na mwanangu ameamini."

Bibi Severina aliweka ungo chini. Alimtazama mkwe wake. Editha alikuwa ameona video zile. Aliitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

"Ni miaka mingapi hujamwona?"

"Miwili imeisha."

"Wangu anakuja Pasaka, anaondoka Pasaka," bibi alisema taratibu. "Hata huyo naanza kumkumbuka akiwa bado getini." Kisha akamgeukia Editha. "Hiyo simu bado inachukua? Ilete karibu."

Akaongea na kile kioo kama anaongea na mtu aliyeketi mbele yake.

"Anselm. Mimi mama yako. Utani tunauacha hapa hapa uani, mtani akiondoka unabaki. Wewe umeubeba ukauandika kwenye karatasi. Hilo baba yako hakukufundisha. Huyu mama hakukupa mtoto, alikutania, kama mimi sasa hivi nilivyotania kuhusu kuku. Mwache kijana akamsalimie mama yake."

Mama Alute akamshusha jogoo. Bibi akakataa. "Mchukue. Kikichukuliwa na mtani hakirudi bila kukombolewa. Atarudi hapa siku ambayo mwanao atamleta mwenyewe, kwa mikono yake. Mwambie hivyo."

Sitaki nikudanganye kwamba mambo yalinyooka. Anselm aliifuta video ya uani, lakini mkataba haufuti. Alute na wenzake wamepeleka malalamiko yao kwa wanaohusika na michezo, na wanaambiwa wasubiri. Sahihi ya Mama Alute bado iko pale chini. Ndiyo maana anawaambia wanawake wenzake kanisani na sokoni: mtu akija na karatasi, hata awe mtani, hata awe shemeji, mnyime kicheko kwanza. Mwambie asome pole pole, na ukisikia jambo la kuchekesha, muulize kama limeandikwa.

Video ya Editha nayo ilienea. Jumapili iliyofuata, Mama Alute akiwa anavua viatu vya kanisani, simu ikaita.

"Mama, nasikia umeiba kuku Mandewa."

Kicheko kilimpanda mpaka kooni, akakizuia hapo.

"Cheka, mama," Alute alisema, na sauti yake haikuwa imeuma meno. "Huku hakuna karatasi."

"Sikuchoka kukupikia."

"Najua. Niliiangalia ile ya bibi mara nyingi. Kocha alidhani naangalia pambano."

Uani jogoo akawika, katikati ya mchana, kama ilivyo kawaida yake.

"Ndiye huyo?"

"Ndiye. Anakula kuliko wewe."

"Usimchinje. Nitamrudisha mwenyewe."

Hakusema lini, na mama hakuuliza. Simu ilipokatika alisonga ugali. Alisonga wa watu wawili, safari hii bila kushtuka, na sehemu ya pili akamtupia jogoo wa watu.