Sehemu ya Pili ya Naftaly

Wengine hungojea mvua, wengine hungojea mtoto arudi kutoka Uarabuni. Naftaly alikuwa akingojea filamu. Mwaka mzima alipita kwenye ukumbi wa mabati pale sokoni Kibirichia akiuliza, "Sehemu ya pili imekuja?" na mwaka mzima mkewe Gladwell aliomba kimoyomoyo isije kamwe.

Si kwamba Gladwell alikuwa na ugomvi na sinema. Ugomvi wake ulikuwa na Kivuti, kijana aliyehamia pale kutoka Embu na mdomo usio na breki. Yeye ndiye aliyesimama kando ya skrini na maikrofoni, akiwaeleza watu kwa Kiswahili yale ambayo Wazungu walikuwa wakisema. Tena Kivuti hakutafsiri, alipika. Kila aliyeonekana kwenye filamu alibandikwa jina la mtu wa pale pale sokoni. Polisi mnene akawa mwenye bucha, mrembo akawa Sheila wa saluni, na watu walikuja mbio ili wasikie leo nani ameangukiwa.

Katika sehemu ya kwanza ya filamu hiyo, shujaa alikuwa kijana anayeruka angani na joho la buluu. Adui yake aliitwa Mfalme wa Kiangazi, mwenye ngozi iliyopasuka kama shamba la Januari. Mfalme huyo akinyoosha mkono kuelekea mlimani na kukunja ngumi, mto unakauka. Akifungua kiganja, mto unarudi. Sasa Kivuti angemwita nani mwingine? Akamwita Naftaly.

Kwa maana Naftaly ndiye aliyekuwa mtu wa maji. Ndiye aliyetembea na spana ndefu begani, leo akifungulia upande huu wa kijiji, kesho akifungulia ule. Siku hiyo ukumbi ulicheka mpaka benchi likavunjika, na Naftaly mwenyewe akacheka kuwashinda wote. Alisimama, akanyoosha mkono, akakunja ngumi, na watu wakapiga miluzi. Tangu hapo jina likamganda. "Mfalme!" walimwita barabarani, naye akajibu kwa ngumi. Aliikunja sokoni, akaikunja harusini, akaikunja hata kanisani mchungaji alipogeuka kutafuta miwani. Mtu aliyeishi umri wake wote akiinamia mabomba akipewa ufalme bure, utamlaumu?

Halafu mvua ikakata. Ilikata viazi vikiwa ndiyo kwanza vimetoa maua, na vikanyauka mashambani watu wakivitazama. Bomba likapunguza, likadondosha, likakoma. Naftaly alipanda msituni hadi kwenye chanzo, akarudi na matope magotini, akawaambia watu ukweli: kule juu hakuna maji, kumebaki tope.

Hakuna aliyembishia. Hilo ndilo lililomtia Gladwell hofu, kwa sababu watu wa Kibirichia hubishana hata juu ya rangi ya mbuzi aliyesimama mbele yao. Walinyamaza tu, wakageuza macho upande wa Timau, ambako mashamba makubwa ya maua yalikuwa bado ya kijani, kana kwamba maji yao yamepelekwa huko. Naye Naftaly, ili kuwachangamsha, akawakunjia ngumi.

"Baba Kinya, wachana na hiyo ngumi," Gladwell alimwambia jioni. "Watu wako na machungu."

"Ni mchezo tu, Mama Kinya. Hao watu wananijua."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, ila wahenga hawakuolewa na Naftaly.

Filamu ilifika wiki ile ile ambayo watu walianza kuwalisha ng'ombe mashina ya migomba. Jumapili baada ya ibada Naftaly alipiga koti brashi, akafunga tai, akajitazama kwenye kioo cha dirisha kama bwana harusi. Gladwell alishukuru kwamba binti yao Kinya alikuwa shule ya bweni. Kisha akajifunga leso akamfuata mumewe, kwa kuwa alihisi kwamba siku hiyo Naftaly hakufaa kuachwa aende peke yake.

Ukumbi ulikuwa umejaa, lakini si kwa ujazo wa kawaida. Walikuwepo kina mama ambao hawakuwahi kukanyaga pale, na wazee ambao kila mwaka waliita sinema kazi ya shetani. Wengi walikuja na mitungi yao mitupu, wakaiweka katikati ya magoti. Bibi Ciakuthii, mjane aliyeolewa huku kutoka Embu zamani sana, alikuwa amekumbatia mtungi wake wa njano kama anayebembeleza mjukuu. Hakuna aliyeita "Mfalme!" Naftaly na Gladwell walikaa kwenye benchi la mbele, na ingawa wengine walisimama ukutani, benchi lile halikuongezeka mtu.

Taa zikazimwa. Kijana wa joho la buluu akaruka juu ya majumba, na watu wakaguna tu. Kisha ardhi ikapasuka kwenye skrini, na mkono mkubwa mkavu ukachomoza.

"Wasee wangu!" Kivuti alipaza sauti. "Mlidhani amekufa? Naftaly amerudi!"

Hakucheka mtu. Naftaly, ambaye alikuwa ameingojea saa hiyo mwaka mzima, aliinuka, akajigeuza awatazame watu, akanyoosha mkono na kukunja ngumi. Ukumbi mzima ulimtazama. Kilichosikika ni jenereta ikinguruma nje.

"Tumeona," sauti ya mwanamume ilisema kutoka nyuma.

Gladwell alimvuta koti. "Keti, Baba Kinya. Keti tafadhali."

Aliketi, bado akitabasamu. Filamu ikaendelea, na Gladwell hakuiona, kwa sababu alikuwa akiwasikiliza watu. Mwaka jana Mfalme alipopigwa walicheka. Leo kila pigo lilipotua walitoa pumzi kwa pamoja, kama watu wanaoinua gogo zito. "Muongeze," alisema mama mmoja kwa utulivu, kwa sauti ile ya kumwambia mwenye duka aongeze sukari. Gladwell alimfahamu. Walikuwa wakiimba kwaya pamoja, na hata asubuhi ile walikuwa wamesimama bega kwa bega.

Kivuti naye alikuwa amesikia. Mdomo haukuwa na breki lakini masikio alikuwa nayo. Akaanza kugeuza maneno. "Lakini huyu, watu wangu, huyu si Naftaly sasa. Huyu ni mwingine, ametoka mbali, ng'ambo huko..."

"Kivuti, mwanangu," alisema bibi Ciakuthii bila kuinua sauti. "Muite jina lake."

"Mama, hii ni filamu tu."

"Jina lake."

Na ukumbi ukapokea, kwanza nyuma, halafu kando, halafu kila mahali: "Jina lake! Jina lake!" Miguu ilipiga sakafu, mitungi mitupu ikapigwa kama ngoma. Kivuti alimtazama Gladwell gizani. Gladwell alimchukia wakati ule, na wakati huo huo akamwelewa, kwa maana yeye Gladwell pia aliletwa pale na ndoa, na alijua mgeni hawezi kuwabishia wenyeji.

"Naftaly," Kivuti alisema kwenye maikrofoni.

Naftaly alimwegemea mkewe sikioni. "Umesikia? Wanaitisha jina langu. Sikukuambia?"

Gladwell alitaka kulia. "Twende nyumbani."

"Filamu haijaisha."

Haikuwa imeisha, naam. Mwishoni kijana wa joho la buluu alimfikisha Mfalme kwenye mto uliokauka, na watu wa mji ule wakawazunguka. Kijana akasema kwa upole, na Kivuti akatafsiri kwa sauti iliyokauka, "Naftaly, fungua mkono." Mfalme akatikisa kichwa. Kijana akarudia. Mfalme akasema hana tena nguvu hizo, mto umekauka wenyewe, hata akifungua hakuna kitakachotoka.

"Mwongo!" ukumbi ulinguruma.

Kijana akauliza tena, bado kwa upole. Halafu akaulaza ule mkono juu ya jiwe, akachukua jiwe jingine akauvunja, na kutoka kwenye ile ngumi iliyopondwa maji yakabubujika. Yakajaza mto, yakafurika mashamba, watoto wakaruka ndani yake. Hapo Kibirichia ikasimama. Watu walikumbatiana, kina mama wakalia machozi, mtu akaanzisha wimbo wa kanisa na wengine wakauitikia. Gladwell hakuwahi kuona watu wakifurahi namna ile kwa sababu ya picha.

Kisha wimbo ukapungua, na mmoja baada ya mwingine wakageuka kutazama mkono wa Naftaly.

Aliutia mfukoni. Tabasamu lilimtoka, na katika mwanga wa skrini Gladwell alimwona mumewe akielewa.

"Imeisha," Kivuti alisema haraka, ingawa picha zilikuwa bado zinaenda. "Nendeni salama, watu wa Mungu."

Walitoka. Nje kulikuwa na jua kali na vumbi. Gladwell alimshika mumewe kiwiko, wakaifuata njia ya nyumbani, naye alijikaza asitazame nyuma, lakini mitungi haifichiki. Ilikuwa ikigongana nyuma yao, mingi, tena bila haraka. Naftaly alimsalimu jirani aliyesimama ukingoni mwa njia. Jirani hakuitika. Aliingia nyumbani kwake, akatoka na mtungi, akajiunga na wenzake.

Bomba la Naftaly lilikuwa ndani ya geti, kando ya mlango wa jiko, na lilikuwa kavu kama mabomba yote. Watu waliingia uani mpaka ua ukajaa. Bibi Ciakuthii alikinga mtungi wake wa njano chini ya bomba, akaupangusa mdomo kwa ncha ya kanga.

"Naftaly, mwanangu," alisema. "Fungua."

"Shosho, ile ni filamu. Mimi nafungua na spana, si na mkono. Na kule juu hakuna kitu, niliwaambia." Akawaonyesha vijana waliosimama nyuma. "Mnanijua. Nimewaletea maji tangu hawa vijana hawajazaliwa."

"Tunakujua."

Gladwell alipitisha macho kutoka uso hadi uso akitafuta tabasamu. Lingekuwepo moja tu, la mtoto hata, angeshika hilo na kucheka kwa nguvu mpaka wote wacheke na kurudi makwao. Hakuliona. Aliona midomo iliyopasuka kwa kiu na macho yaliyotulia.

Naftaly alitoa mkono mfukoni. Alijigeuza kuelekea mlimani, akaunyoosha, na polepole, kidole kimoja baada ya kingine, akaufungua. Watu wote wakatazama bomba. Nalo, Mungu apishe mbali, likakoroma. Likatoa upepo kidogo, likakohoa mara moja, likanyamaza.

"Limemsikia," mtu alinong'ona.

"Ni hewa!" Gladwell alipiga kelele. "Ni hewa tu ndani ya paipu! Jamani, mama, si asubuhi tulikuwa pamoja kanisani?"

Yule mama wa kwaya alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mfiwa.

"Fungua tena," alisema bibi Ciakuthii.

Alifungua tena. Alifungua mara ya tatu, mara ya nne, na bomba halikusema neno. Nje ya geti Kivuti alikuwa amefika akihema, akiwasihi watu waende nyumbani, lakini bila maikrofoni sauti yake ilikuwa ndogo, na hakuna aliyegeuka.

Watu wakapindua mitungi yao na kuikalia.

"Hatuna haraka," bibi Ciakuthii alisema. "Hata yule kijana alimuuliza kwa upole kwanza."

Gladwell aliushika mkono wa mumewe kwa mikono yake miwili, ukiwa baridi, akauficha ndani ya leso yake. Nyuma ya watu, mtu fulani alifunga geti kwa ndani.