Likizo Iliyogawiwa Bila Mwenyewe

Wateja walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu alisuka nywele bila mtu kutokwa na machozi. Ila hakuna aliyewahi kuuliza mkono huo wenyewe ulijisikiaje. Miaka nenda, miaka rudi, alisimama nyuma ya kiti cha saluni yake, shingo imeinama, hadi vidole vikaanza kufa ganzi na kitana kikawa kinamponyoka katikati ya kazi. Daktari aliigeuza mikono ile, mumewe akiwa kando, akamwambia kwa ukali, "Dada, hii haitaki dawa, inataka kupumzika. Tena upumzike kweli, si kwa mdomo."

Basi akafunga saluni kwa wiki moja. Alibandika tangazo mlangoni, akarudi nyumbani na furaha ya mwanafunzi aliyefunga shule. Hakutaka makubwa: alitaka alale mpaka usingizi wenyewe umchoke.

Asubuhi ya kwanza, hata chai haijapoa, hodi! Wifi yake akaingia na binti zake watatu, wote wamefumua nywele, na mfuko wa rasta za kusukia umejaa pomoni.

"Wifi, umeamka? Kaka kaniambia upo tu nyumbani, huna kazi. Nikasema afadhali, wasichana wasukwe wakati una nafasi."

Upo tu. Neno hilo lilimwingia kama pilipili machoni. Akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amejinyoosha kwenye kochi. Ilikuwa Jumapili, na duka lake la vipuri halifunguliwi Jumapili.

"Wewe ndiye uliyemwambia?"

"Mke wangu, ni vichwa vitatu tu," alijibu bila kuondoa macho kwenye mpira. "Kwako si kama mchezo? Utasuka huku umekaa. Kukaa nako ni kupumzika."

Wifi akacheka. Mkono Mwepesi hakucheka. Hasira akaimeza, maana alilelewa kwamba mume hajibiwi mbele ya ndugu zake. Akavuta kigoda, akamkalisha yule mdogo katikati ya magoti, akaanza.

Kadiri alivyosuka ndivyo alivyochemka. Aliziwaza Jumapili zote za mwanamume yule: nyumba nzima inanyata, watoto wanaambiwa "shh, baba amepumzika", sufuria ikianguka jikoni inaombewa radhi. Na yeye alipumzika lini? Alipojifungua? Hata hapo alimsuka mkunga! Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Akavuta nywele. Akavuta tena.

"Anti, unaniumiza," mtoto akasema, machozi yakimdondoka.

Vidole vikasimama. Tangu aanze kazi hakuwahi kumliza mtoto. Akautazama utosi ule mdogo, ngozi imevutika hadi inang'aa, akaona aibu. Na nyuma ya aibu ile hasira ikarudi, kubwa kuliko mwanzo, ila sasa ilijua nyumba ya kufikia.

"Nisamehe, mwanangu. Kosa si lako."

Akailegeza mistari iliyobana, akamfuta machozi, akainuka. Akachukua mto, shuka na ufunguo wa saluni.

"Unakwenda wapi?" wifi akamaka. "Na mtoto kichwa nusu?"

"Muulize kaka yako. Yeye ndiye aliyepokea kazi, na vidole anavyo."

Mume akaruka kutoka kwenye kochi. "Unanidhalilisha mbele ya dada yangu?"

"Wewe umenigawa mbele yangu mwenyewe!" Sauti yake ilimshangaza hata yeye. "Hii likizo si karanga za kuwaonjesha wageni. Daktari alisema mikono inataka kupumzika, na ulikuwepo. Ukasema pole. Pole yako ndiyo hii?"

Hakungoja jibu. Alifika saluni, akajifungia, akazima simu, akatandika shuka kwenye benchi la wateja. Alidhani atalia. Badala yake alilala fofofo.

Jioni mlango ukagongwa.

"Ni mimi. Fungua tuzungumze," mumewe alisema.

"Zungumza tu. Nakusikia."

"Nimejaribu kusuka."

Mkono Mwepesi akaegemea mlango.

"Mtoto kanicheka. Mgongo unauma, shingo inauma, na hata mstari mmoja haukunyooka. Dada kaondoka na binti zake, kavimba. Nimemwambia kosa ni langu."

"Umemwambia, au unaniambia mimi kwamba umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema nimekaliwa na mke."

Kicheko kilimtekenya, akakizuia. Hasira bado ilikuwa yake, na hakuwa tayari kuibadilisha kwa kichekesho kimoja.

"Leo sirudi. Wapikie watoto. Wakiniulizia, waambie mama amepumzika."

"Na kesho?"

"Sijui. Sitaki kuulizwa habari za kesho."

Alimsikia akikohoa, kisha viatu vikaondoka taratibu. Akarudi kwenye benchi, akajilaza tena.

Aliporudi nyumbani wiki ilikuwa imefika katikati. Alikuta nguo zimefuliwa vibaya na wali umeungua, akapita bila kushika kitu. Siku zilizobaki mumewe ndiye aliyesimama mlangoni kila hodi ilipobishwa, akiwaambia wageni mkewe amepumzika. Wifi alinuna, akawapeleka binti zake kwa msusi mwingine. Mkono Mwepesi alipoletewa habari hizo, aligeukia upande wa pili wa kitanda, akaendelea na usingizi.