Aliyesema Kushoto

Niliacha kuteleza pale mguu wangu wa kulia ulipogonga mwamba. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia maumivu, na jambo la kwanza nililofanya, nikiwa nimelala chali juu ya theluji na jua la Juni likinichoma uso, ni kumtukana Darinka. Nilimtukana yeye, njia yake na kamba yake.

Kamba hiyo ndiyo iliyonitia hasira kuliko vyote. Kwetu, anayefika kilele cha Triglav, mlima mrefu kuliko yote Slovenia, kwa mara ya kwanza huinamishwa pale juu na kuchapwa kamba matakoni, watu wakicheka, ndipo anahesabiwa kuwa Mslovenia kamili. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mbili na sijawahi kuchapwa. Darinka, niliyepika naye katika jiko la shule miaka kumi na tano, alikuwa amefika mara tatu. Ndivyo alivyosema siku zote. Basi alibeba kamba ya kunichapia. Vyuma vya kufunga chini ya viatu, vya kukanyagia theluji ngumu, alisema ni mzigo wa bure wakati wa kiangazi, nami nikaviacha nyumbani.

Njia nzima alinitania. "Ukae ukijua, shoga, wiki hii hutaketi," alisema, akiitikisa kamba ile. Nilicheka hadi tukafika kwenye mteremko ambao theluji yake haikuwa imeyeyuka, imefunika mawe pamoja na alama zote za njia. Nyayo za waliotangulia zilikwenda kulia, zikizunguka mbali. Nikamuuliza yeye alipita wapi.

"Kushoto," alisema bila hata kusita. "Hao ni wageni, wanajichosha bure."

Nikamfuata. Hatua ya tisa nikateleza.

Alinifikia akiteremka kwa makalio, analia, mikono imechubuka. Nilimuuliza ni njia gani hiyo aliyoipita mara tatu. Akanivua kofia, akanivalisha tena, hajui mikono yake aipeleke wapi. Kisha akasema, "Sijawahi kufika, Jerica. Hata mara moja."

Alikuwa ameolewa na Vinko, mwenyekiti wa chama cha wapanda milima kijijini, katika ukoo ambao picha zote za ukutani zimepigwa kileleni. Siku ya kwanza kupelekwa kwao, mama mkwe alimuuliza kama ameshafika, naye akasema ndiyo. Mara mbili nyingine zilijiongeza zenyewe. Nilimsikiliza huku meno yakigongana, nikaelewa kwamba nimevunjika mguu kwa sababu ya jibu alilompa bibi kizee mmoja mezani. Nilitamani kumzaba kofi, lakini mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi.

Waokoaji walipofika, mmoja wao alikuwa binamu yake Vinko. Aliuliza ni nani kati yetu mwenye uzoefu. Darinka akasema ni yeye. Na ni nani aliyeamua tupite kushoto? Darinka akautazama mguu wangu, akasema ni mimi, kwamba yeye alinikataza nikakaidi. Nilifungua kinywa. Yule bwana akauvuta mguu ili aunyooshe, na kilichonitoka ni ukelele.

Baadaye ningeweza kusema. Sikusema, kwa sababu alikuja hospitali kila siku na bakuli la supu, na kwa sababu nilimpenda, na hilo lenyewe lilinikasirisha. Kwa miaka kumi na moja kijiji kizima kilinijua kuwa ni yule mama mkaidi wa kushoto. Chama kilinitumia kama mfano wa kuwafundishia vijana. Majira ya baridi, mguu uliponiuma, Darinka alikuja kunifagilia theluji mlangoni, nami nilimshukuru huku moyo ukichemka.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwake, tunakula keki ya kokwa za jozi. Mjukuu wake Zala, mwenye miaka kumi, akatangaza kwamba mwezi Juni atapanda Triglav, na hataki kwenda na babu wala na watu wa chama. Bibi ndiye atakayempeleka, maana bibi anaijua njia. Vinko alipiga meza kwa furaha. Nilimtazama Darinka, aliyekuwa na kisu cha keki mkononi, nikimngoja akatae. Akatabasamu tu, akasema ataangalia nafasi.

Nikaweka uma chini.

"Bibi yako haijui njia," nikamwambia mtoto. "Hajawahi kufika."

Vinko alicheka, halafu akaacha. Akamwangalia mkewe, na mkewe akaiangalia keki. Nilikuwa na hasira ya miaka yote ile, na mengi ya kuongeza, nimeyapanga siku nyingi kichwani. Zala akanitangulia.

"Sasa ni nani aliyesema kushoto?"

Darinka akakilaza kisu, akainua mkono taratibu, kama mtoto darasani, akaushikilia juu hadi kila mtu akauona. Hakuniangalia. Hasira yangu ilikuwa bado haijaisha, lakini nikanyamaza.