Huyo Mwingine Mtoe

Nelius alikuwa msichana mwenye ugonjwa mmoja: hakuweza kuona picha akaiacha ilivyo. Ukimpelekea picha yako akufichie kipara, atakufichia, maana kazi hiyo ndiyo iliyomlipia chumba chake juu ya duka la dawa za mifugo mjini Embu. Ila ukishatoka mlangoni, ataanza kuwaza jinsi kipara hicho kingependeza kikipandwa viazi. Na atakipanda. Ndani ya kompyuta yake kulikuwa na shamba la Kibirichia ambalo matuta yake yalikuwa mablanketi, na chini ya kila blanketi mtu amelala akingoja mvua. Kulikuwa na mwalimu mkuu aliyefungua mdomo ahutubie gwaride, ikatoka kengele. Alichukua picha huku na kule, akazikata, akazipanga moja juu ya nyingine mpaka zikawa kisa, na ukikitazama unajua kuna jambo lilitokea kabla na jingine linakuja.

Watu walizitazama kwenye simu, wakacheka, wakamuuliza kama siku hizi anavuta kitu. Kisha wakaendelea kumletea picha za harusi awafute jasho usoni. Hilo lilimuuma kuliko alivyokubali.

Kwa hiyo siku Njiru alipopanda ngazi zile akasema anataka "ile aina ingine ya picha, ile ya maajabu", Nelius alimvutia kiti kabla hata hawajasalimiana vizuri.

Njiru alikuwa mkulima wa ndengu na mfugaji wa mbuzi kutoka Gachoka, mwanamume wa makamo aliyefunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Picha za Nelius alizionyeshwa na mpwa wake. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, na ndani ya karatasi memori kadi ndogo ya simu.

"Ni mama," alisema. "Mama ametuacha. Tunazika Jumamosi."

"Pole sana, baba."

"Tumekubali. Ni kifua. Kilimshika ghafla, hakikumwachilia." Aliiweka kadi mezani. "Watu wamekuja wakimwangalia akiwa kitandani, amekonda. Sitaki wamkumbuke hivyo. Nataka Jumamosi wamwone vile alikuwa."

"Alikuwa aje?"

Hapo uso wa Njiru ulifunguka. "Mtundu. Alikuwa anapenda mbuzi kushinda watu. Tuko na beberu moja kubwa, kila siku ananiambia, siku moja nitapanda hii kitu inipeleke mpaka juu ya kilima cha Kianjiru. Viatu hataki kuskia. Na akicheka, hapa mbele hakuna meno, lakini anacheka tu, hana shida. Nimembeba kwa mgongo kwenda kliniki na kurudi. Alikuwa mwepesi, ungedhani umebeba jaketi."

Nelius alisikiliza huku moyo unamdunda kwa furaha, na aliona haya kidogo kufurahia matanga ya mtu. Kibibi kipekupeku, kibogoyo, juu ya beberu. Hakuna mteja aliyewahi kumletea kitu kama hicho.

Walifungua kadi. Picha nyingi zilikuwa za mbuzi, na nyingine giza tupu. Nzuri ilikuwa moja tu, ya Krismasi: bibi mwenye kitambaa cha buluu kichwani ameketi kwenye kiti cha plastiki, amempakata msichana mdogo, wote wawili wanacheka. Njiru aligusa skrini kwa kidole, akakiondoa haraka kana kwamba imemchoma.

"Huyo ndiye Igoki," alisema. "Na huyo mwingine mtoe."

"Nimtoe kabisa?"

"Kabisa. Hata kivuli isibaki. Huyo bado anapumua. Huwezi kuweka mtu anapumua na mtu amekufa kwa safari moja. Hiyo ni kumwita."

Nelius alikubaliana naye mia kwa mia. Nani mwenye akili angempandisha mtoto wa watu, mzima wa afya, kwenye beberu la marehemu? Alimuuliza angetaka kuiona kazi kabla haijachapishwa, Njiru akamwonyesha simu yake ya mulika mwizi, isiyopokea picha. Angeiona Jumamosi pamoja na wengine. "Wewe ndiye fundi," alisema, na akashuka ngazi.

Ijumaa nzima Nelius hakufungulia mtu mlango. Kumtoa mtoto kulimtoa jasho kwanza yeye mwenyewe. Mtoto alikuwa amefunika kifua cha bibi na mapaja yake, ikabidi Nelius amshonee bibi gauni upya kwa kuazima kitambaa cha bega na cha pindo. Mikono ndiyo iliyomsumbua zaidi. Ilikuwa imemzunguka mtoto kiunoni, na mtoto alipotoka ikabaki imekumbatia hewa. Aliitazama weee, akaikata, akaisogeza mbele na kuishikisha pembe za beberu.

Baada ya hapo kazi ilijiendesha. Beberu alikua akawa mkubwa kuliko nyumba, ukwato mmoja bondeni, mwingine juu ya Kianjiru. Mvua ilinyesha, na mvua yenyewe ilikuwa ndengu, kijani kibichi, zikimwagika juu ya mashamba makavu. Bibi alikaa juu, miguu mitupu inaning'inia, anacheka na mapengo yake yote. Nelius alirudi nyuma hatua chache akaitazama, na akaipenda mpaka ikamtia hofu. Waliozoea kumcheka, safari hii wangefunga mdomo.

Jumamosi asubuhi alikuwa Gachoka na picha yake, ndefu kumzidi, imechapishwa kwenye turubai na kuwambwa kwenye fremu. Hema lilikuwa limeshajaa watu. Spika ilikuwa ikipiga nyimbo za kanisa, wanawake wanakoroga sufuria nyuma ya nyumba, mwili bado uko njiani kutoka mochari. Njiru aliipokea fremu, akaisimamisha mbele karibu na meza ya mchungaji, bado imefunikwa leso. Alisema ataifunua mwenyewe mwili ukifika. Nelius alikwenda kuketi nyuma na begi lake la kompyuta mapajani, kwa sababu maharusi fulani wa Mitunguu walikuwa wakimpigia simu tangu alfajiri kuhusu picha zao, na alipanga awamalizie papo hapo chakula kikiliwa.

"Cucu Igoki, shika chai," sauti ya msichana ilisema nyuma yake.

Nelius aligeuka, kwa kuwa jina lile alilibeba kichwani tangu Alhamisi. Msichana alikuwa akimpa kikombe nyanya yake, bibi mwenye kitambaa cha buluu.

Ni pacha wake, Nelius alijiambia. Mapacha wako wengi. Akajiambia tena, maana mara ya kwanza hakujiamini. Kisha bibi akanyoosha mkono apokee chai, na Nelius akaona kidole gumba chenye ukucha mweusi. Mtu akishinda na mikono ya mwenzake kwenye skrini kutwa nzima huijua kuliko ya mama yake. Ukucha ule alikuwa ameung'arisha mwenyewe Ijumaa mchana, kisha akaona unapendeza zaidi ukiwa mweusi, akaurudisha.

Alitaka kusema kitu lakini hakujua amwambie nani.

Pikapu ikaingia kwenye boma. Watu walisimama, spika ikanyamazishwa. Wanaume wawili walifungua nyuma wakatoa jeneza jeupe, na hata hao wawili walikuwa wengi. Mmoja angeweza kulibeba kwapani.

Ndipo Nelius alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulimpiga kama kofi. Huku kwao, msichana akipewa jina la mamake baba, baba humwita mama. Hamwiti hivyo kwa mzaha, humwita hivyo mpaka anaozwa. Yeye mwenyewe ana jina la nyanya yake, na babake humpigia simu kutoka Runyenjes kila Jumapili na swali lilelile: "Mama, umekula?" Ameitwa mama tangu hajajua kutambaa. Na mtu alipokuja akaketi mbele yake na kumwambia mama ametuacha, mapengo mbele, hataki viatu, mwepesi mgongoni, yeye akaona kibibi, kwa sababu kibibi ndicho alichokitaka kwa picha yake. Hakuuliza hata umri. Alikuwa amemfuta marehemu kwenye mazishi yake mwenyewe, na aliye hai amempandisha beberu kwenda mbinguni.

Aliinuka akimbie mbele. Viti vya plastiki vilishikana miguu, mzee mmoja akamshika mkono akidhani amezidiwa na uchungu. Mpaka anajinasua, Njiru alikuwa ameshika pindo la leso. Akaivuta.

Hakuna aliyelia. Wanawake waliziba midomo. Mzee mmoja alivua kofia, akamtazama bibi aliyeshika kikombe, akaivaa tena. Mchungaji alifungua Biblia na kuifunga. Macho ya wote yalikwenda kwa picha, yakaenda kwa Igoki mkubwa, yakarudi kwa picha, na waliokaa karibu naye wakasogeza viti.

Njiru alisimama na leso mkononi. Alitazama kila upande wa turubai, juu mawinguni na chini mashambani, kama mtu aliyepoteza mbuzi.

"Mtoto wangu ako wapi?" aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, na Nelius alitamani apigwe. Alifika mbele, akaanza kusema baba nisamehe, ulisema mama, nami nikadhani, lakini maneno yalimtoka vipande vipande na hakuna kipande kilichofaa.

Wakati huo Igoki mkubwa alikuwa amekabidhi kikombe chake kwa mtu na kuja mbele. Watu walimpisha njia pana mno. Alisimama mbele ya picha, akajikagua kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka nyayo.

"Huyu ni mimi," alisema.

"Mama, usiangalie," Njiru alisema. "Tafadhali. Inatolewa sasa hivi."

"Si nimeangalia tayari. Hii ni ile ya Krismasi." Aligusa turubai pale penye mikono. "Hapa nilikuwa nimempakata. Sasa nashika pembe ya nini?" Akamgeukia Nelius. "Wewe ndiye ulitengeneza? Ulimpeleka wapi?"

"Cucu, sikumfuta," Nelius alisema. "Mimi huwa sifuti kitu. Nilimfunika tu. Yuko hapa, chini yako."

Alifungua begi, akaweka kompyuta kwenye kiti na kupiga magoti mbele yake. Picha ikaja, matabaka yake yote yamepangana. Alibonyeza, na mfuniko ukaondoka kidogo pembeni, pakatokea mguu mdogo mtupu wenye vumbi. Mahali fulani nyuma mwanamke alipiga yowe moja fupi.

"Mtoe mama yangu," Njiru alimwambia. Alikuwa anahema. "Mtoe mama saa hii, ubakishe mtoto peke yake kwa hiyo mbuzi. Vile nilikuambia."

"Naweza, baba. Ni dakika chache tu."

"Peke yake?" Igoki alisema.

"Mama, wewe uko hai."

"Najua niko hai, nani amesema sijui? Nakuuliza mtoto anaenda peke yake? Huyu ameenda wapi siku gani peke yake? Hata choo ni mimi nilikuwa nampeleka, nasimama hapo nje nikiimba ndio ajue sijaenda."

"Ukikaa kwa hiyo picha ni kujiita," Njiru alisema, na sauti ikamkatika. "Sitazika wawili. Mimi siwezi."

"Basi nimeitwa. Na umri huu, nani ananidanganya sijakuwa kwa foleni? Nikichelewa nimechelewa, nikifika nimefika. Lakini hapo juu namshika. Msichana, toa hizo pembe kwa mikono yangu."

Nelius alimtazama Njiru. Njiru alitazama jeneza. Hapo ndipo mama wa mtoto aliposimama kutoka kwenye mkeka. Mtoto mwingine, mchanga, alikuwa amelala kifuani pake ndani ya shuka.

"Niweke mimi," alisema. "Cucu akae hapa. Mimi ndiye nilimzaa, mimi ndiye nitaenda na yeye. Niweke."

Igoki hakugeuka hata kumtazama.

"Wewe unanyonyesha," alisema.

Mama wa mtoto akalia kwa sauti, na wanawake wakamzunguka wakalia naye. Njiru alikuja akasimama nyuma ya Nelius. Jua lilikuwa likipiga skrini moja kwa moja, hakuna kilichoonekana. Aliikunjua leso aliyokuwa bado ameishika, akaiinua kwa mikono yote miwili kuitilia kivuli.

"Fanya vile amesema," alimwambia.

Nelius aliitoa mikono ya bibi kwenye pembe, akairudisha nyuma, taratibu, mpaka ilipokuwa siku ya Krismasi. Kisha akaanza kumfunua mtoto. Mguu wa pili ulitokea, halafu gauni, halafu tumbo na mikono ya bibi imelizunguka. Mwishoni akafika usoni. Igoki mdogo alitokea anacheka, mapengo mawili mbele, macho yamemwelekea yule aliyekuwa akiwapiga picha.

Mkubwa akavuta kiti kando ya jeneza, akakaa, akaweka mkono wake juu ya kifuniko.

"Sasa anzeni," alimwambia mchungaji.