Upande wa Kushoto wa Birika

Simu iliita mara tisa kule Rauma kabla ya mtu kuipokea, na muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye picha ya birika la kahawa lisilo na mpini.

Haikuwa picha mbaya, na hilo ndilo lililonitisha. Mdomo wa birika, upande wa kulia, ulikuwa umechorwa kwa subira ya fundi saa. Kivuli kilishuka kutoka kwenye mfuniko kikakonda taratibu hadi kwenye kitambaa cha meza, na hata ufa mdogo wa rangi haukusahauliwa. Kisha, katikati kabisa, birika lilikoma. Lilikoma tu, kama mkate uliokatwa kwa kisu, na nusu ya kushoto ya karatasi ilikuwa nyeupe tupu. Chini, kwa mwandiko uliojibana kwenye pembe ya kulia, Arvi Lehtola alikuwa ameandika: "Mwalimu, nadhani hili ni bora kuliko yote niliyokutumia. Limenichukua siku tatu, sasa limekamilika."

Limekamilika. Neno hilo lilinifanya niweke chini muhuri niliokuwa nimeshauchovya wino.

Miaka hiyo nilikuwa nasahihisha kazi za watu wanaojifunza kuchora kwa posta. Shule yetu ilikuwa mjini Tampere, vyumba viwili juu ya duka la viatu, na wanafunzi wake walikuwa wametawanyika nchi nzima: mama wa nyumbani huko Oulu, wanajeshi vijana mpakani, mchungaji wa kanisa aliyechoka na mahubiri yake. Wote walianza na mambo yaleyale. Mistari mia mbili iliyonyooka bila rula. Duara. Duaradufu. Halafu maboksi, maboksi mia mbili na hamsini, kila moja limegeuzwa kivyake, mpaka mkono uelewe kwamba karatasi inaweza kuwa na kina. Mimi nilikuwa nimeangalia maboksi kwa miaka kumi na minne. Niliyaota. Nikifumba macho niliona pembe zisizokutana.

Raimo, mwenye shule, alikuwa ametutengenezea mihuri saba ili tusipoteze muda kuandika. *Chora kwa bega, si kwa kifundo cha mkono. Mstari mmoja, mara moja. Pembe hazikutani. Tumia ukurasa wote.* Bahasha moja dakika kumi na mbili, alisema, na kwa mihuri iliwezekana. Sikuichukia mihuri hiyo. Mtu akishachoka kiasi fulani, hushukuru kwa chochote kinachosema badala yake. Ujanani nilitaka kuwa mchoraji. Lakini nilipofika miaka hamsini na sita nilichotaka ni kufika Ijumaa.

Arvi alijiunga mwezi wa Agosti. Barua yake ya kwanza ilieleza kwamba alikuwa dereva wa kreni bandarini kwa miaka thelathini na mmoja, kwamba sasa amestaafu, na kwamba anataka kuchora bandari kama alivyoiona kutoka juu, kwa sababu wapiga picha wote huipiga wakiwa chini. Mistari yake ilitetemeka, lakini ilijua inakokwenda. Alipofika kwenye maboksi aliandika pembeni: "Mia mbili na hamsini, mwalimu? Bandarini nikipakua mengi hivyo kwa zamu moja walinipa mapumziko." Nakumbuka nilitabasamu. Nakumbuka pia kwamba sikumjibu.

Mwezi wa Oktoba maboksi yake yalianza kuhamia kulia. Nikagonga muhuri: *Tumia ukurasa wote.* Novemba yalihama zaidi. Nikagonga tena. Desemba theluthi nzima ya karatasi ilibaki tupu, na baadhi ya maboksi hayakuwa na ukuta wa kushoto. Nikagonga mihuri miwili, ule na *Pembe hazikutani*. Januari nilikuwa na mafua na bahasha tisini, na hapo ndipo nilipoacha muhuri nikachukua penseli nyekundu. Niliandika: "Bwana Lehtola, hili nimeshalisema mara tatu. Anayetaka kujifunza husikia."

Alijibu ndani ya wiki moja. Aliomba radhi. Alisema amenunua karatasi ndogo zaidi, labda hizo ataweza kuzijaza.

Halafu likaja birika.

"Lehtola," sauti ya mzee ilisema.

"Ni Hellin Vuorela, wa shule ya kuchora."

"Ala, mwalimu mwenyewe. Nimefeli kiasi cha kupigiwa simu?"

"Hujafeli. Nauliza habari za birika. Liko karibu?"

"Liko mbele yangu, nakunywa kahawa yake."

"Lina mpini?"

"Birika gani halina mpini, mama? Ningelishika masikio?"

"Na kwenye picha, mpini umeuchora?"

"Nimeuchora." Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. "Kwani umefutika njiani?"

Nilisema posta wakati mwingine huharibu vitu. Kisha nikaomba kuongea na mkewe.

Aune Lehtola alikuja na sauti ya mtu aliyekatizwa kazi. "Kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Nataka kukuuliza jambo, na uniwie radhi kama ni la kipumbavu. Kuna lolote umeliona upande wake wa kushoto?"

Nikasikia waya wa simu ukiburutwa, mlango ukifungwa. Aliporudi alikuwa ananong'ona.

"Ananyoa shavu moja. Tangu Krismasi. Nikimwambia, anasema mimi ndiye nisiyeona. Anakula nusu ya sahani, kisha ananuna kwamba nimempunja. Juzi nikaizungusha tu ile sahani, akasema, afadhali umeniongezea." Alicheka kidogo, kicheko kikamkatikia. "Nilidhani ni ukaidi. Ni mkaidi tangu siku ya harusi. Mtu angejuaje?"

"Mpeleke hospitali, mama. Leo."

"Nikawaambie nini? Kwamba mwalimu wa kuchora kasema?"

"Chukua picha zake zote tulizowarudishia. Zipange kwa tarehe. Waonyeshe."

Nilipoweka simu, Raimo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. "Siku hizi tunatibu pia?" aliuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alinitazama usoni, akaacha mzaha, akaenda zake bila kusema habari ya dakika kumi na mbili.

Siku nane baadaye Aune alinipigia. Walikuwa wamehamishiwa hospitali ya Turku. Ndani ya kichwa cha Arvi, upande wa kulia, kulikuwa na uvimbe wenye ukubwa wa yai la njiwa, nao ulikuwa unamlia upande wa kushoto wa dunia bila yeye kujua kwamba kuna kitu kinapungua. Wangemfanyia upasuaji baada ya siku mbili. Lakini daktari alikuwa na maswali juu ya yale mazoezi. Alitaka kujua mwanafunzi aliagizwa nini hasa, ili ajue nini kimekosekana. Ningeweza kuja?

Kesho yake nilipanda treni ya asubuhi.

Daktari Nyberg alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono mikavu, iliyopasuka kwa kunawa. Alikuwa amezitandaza karatasi zote kwenye meza ndefu, kuanzia Septemba hadi Januari, na mimi, Aune na yeye tukasimama upande mmoja kama watu wanaotazama ramani. Nilieleza. Hapa aliagizwa kujaza karatasi. Hapa kila boksi lilipaswa kuwa na pembe zote. Yeye alipima ule weupe wa kushoto kwa rula ndogo, akaandika. Sentimita tatu. Sentimita sita. Kumi.

Sikuwa nimewahi kuona kazi ya mwanafunzi mmoja ikiwa imetandazwa yote pamoja. Kwangu zilikuja moja moja, na kila moja niliisahau kabla ya kufungua inayofuata. Sasa zilisimama mstari mmoja, na yeyote mwenye macho angeuona ule weupe ukisogea mwezi hadi mwezi, kama barafu inavyojifunga ziwani kuanzia ufukweni. Na juu ya kila karatasi, kwa wino wa buluu na mwishoni kwa penseli nyekundu, yalikuwako maneno yangu.

Daktari aliinamia ile ya Oktoba. "Hii umeiandika wewe?"

"Ni muhuri. Lakini ndiyo, ni mimi."

"Na hii ya Novemba?"

"Ni mimi."

Alifika Januari, akasoma ile penseli nyekundu. Hakuisoma kwa sauti. Niliona macho yake yakienda hadi mwisho wa sentensi na kurudi mwanzo.

"Kwa hiyo uliona," alisema. Hakukuwa na shutuma katika sauti yake. Alikuwa anaweka tarehe sawa.

"Niliona," nikasema. "Sikukifikiria nilichokiona."

Nilingoja aulize kwa nini. Nilikuwa na jibu, la bahasha tisini na mafua na miaka kumi na minne, nikajua kwamba nikilitamka mbele ya Aune nitasikia jinsi lilivyo hafifu. Daktari hakuuliza. Aune ndiye aliyesema, huku akizipanga karatasi upya ingawa zilikuwa zimepangika.

"Mimi nalala naye kitanda kimoja, mwalimu."

Daktari alirudisha rula yake mfukoni.

Baadaye Aune alinipeleka wodini. Nilitaka kukaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, Aune akanivuta mkono. "Kaa huku, kulia. Kule hutakuwapo." Arvi alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, na walikuwa wamekwisha kumnyoa kichwa. Mashavu yote mawili yalikuwa safi. Muuguzi alikuwa amemaliza kazi. Arvi alinikagua kwa muda.

"Nilidhani utakuwa mzee zaidi," alisema. "Kwa ukali ule."

"Samahani kwa ile barua ya Januari."

"Ile ilinisaidia. Nilikasirika, nikafanya kazi." Alisogeza mkono wake wa kulia juu ya blanketi. "Hujanirudishia birika langu."

"Nimekuja nalo. Sijalisahihisha bado."

"Basi sahihisha. Kesho wanafungua kichwa, huenda nikasahau."

Nilitazama kuelekea kwa Aune. Yeye alitazama dirishani. Nikalitoa birika, nikaliweka mahali ambapo angeliona, nikaanza. Nilimwambia kivuli cha chini ni kizito mno, kinalivuta birika mezani kama limejazwa madini ya risasi. Nilimwambia mdomo umekaa vizuri, na kwamba duaradufu ya mfuniko ndiyo ya kwanza aliyoichora bila kuiogopa. Nilimwonyesha kwa kidole mahali ambapo mstari ulipita mara mbili. Alisikiliza kama wanavyosikiliza watu waliofanya kazi kwa maelekezo maisha yao yote, bila kutikisa kichwa ovyo.

"Na nusu nyingine?" aliuliza nilipomaliza. "Wananiambia iko nusu nyingine."

"Hukuichora, bwana Lehtola."

Aliifikiria. "Mimi naona liko zima," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na woga. "Naona liko zima kabisa."

Nikamshika mkono, huo wa kulia. Sikuwa na muhuri wa jambo hilo.

Alipona kiasi. Aliishi miaka minne na miezi kadhaa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alitembea mwenyewe hadi bandarini, Aune akiwa upande wake wa kushoto kumzuia asigonge nguzo. Baada ya upasuaji alinitumia karatasi mbili tu za maboksi. Nilizisahihisha kwa mkono, kila boksi. Hakuridhika nazo, wala mimi. Bandari hakuichora. Karatasi alimpa jirani. Haya yote niliyajua kwa kadi za Aune, moja kila Desemba, maneno machache, hadi kadi ya mwisho iliyokuja na ukingo mweusi wa msiba. Daktari alikuwa amemwambia kwamba kama wangekuja Oktoba, huenda pangekuwa na tofauti, huenda pasingekuwa. Aune aliniandikia sentensi hiyo kama alivyoambiwa, bila kuongeza lake.

Mchana ule, siku ya kabla ya upasuaji, nilirudi Tampere kwa treni ya saa nane. Nilikuwa nimebeba mfuko wa bahasha, kwa kuwa bahasha hazingojei ugonjwa wa mtu. Miguu iliniuma, na nilikuwa nimechoka kuliko nilivyoondoka. Nje mashamba yalikuwa na theluji kuukuu ya rangi ya kijivu. Nilifungua bahasha ya kwanza. Msichana wa Oulu, miaka kumi na tisa, karatasi moja ya mistari: mistari mia mbili, mingine imepinda kidogo mwishoni, kama alikuwa anaishiwa pumzi kila alipokaribia ukingo.

Niliishika kwa mikono yote miwili, kwa sababu treni ilikuwa inatikisika, na niliitazama hadi tukapita kituo cha Loimaa kabla sijaitafuta penseli.