Mzee Ishirini Apanda Mizani

Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye kibanda cha mizani kando ya barabara kuu, akipima malori. Mizani ile ilihesabu kwa ishirini ishirini. Kilo ndogo kuliko hizo haikuzijua. Siku moja alizuia lori zima la saruji kwa sababu ya kilo ishirini, mpaka dereva akashusha godoro lake, jiko lake na tairi la akiba ndipo akaruhusiwa kupita, machozi yakimlengalenga. Tangu hapo madereva wakamwita Mzee Ishirini, na yeye badala ya kuona haya akalipenda jina.

Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: pikipiki kubwa ya safari, ile yenye kiti cha nyuma cha kuegemea na mabegi magumu pembeni, ampakie mkewe waende kumwona mjukuu wao wa kwanza, mwendo wa siku tatu. Mjukuu mwenyewe walikuwa wamemwona kwenye simu tu. Mkewe, fundi cherehani mwenye maneno machache na mkasi mkali, hakukataa. Alimwambia tu achague vizuri.

Hapo ndipo alipokosea. Kumwambia mpimaji achague vizuri ni kumfungulia paka bucha.

Muuzaji wa pikipiki zilizotumika alikuwa na mbili. Ya kwanza nyekundu, silinda sita, ina redio, ina gia ya kurudi nyuma, na mlima inaupanda kama vile haujauona. Ya pili ya kijivu, silinda mbili, haina redio, na ikiwa imesimama inatetemeka mpaka vioo vyake vinaona mambo mawili mawili. Mzee akanunua daftari kubwa, akachora safu. Nyekundu ilikwenda kilomita kumi na sita kwa lita, kijivu ishirini na mbili. Tairi la nyuma la nyekundu liliagizwa ng'ambo na kungojwa miezi miwili. La kijivu liliuzwa pale sokoni, jirani na vitunguu. Kijivu ilidai mnyororo wake upakwe mafuta kila mara, nyekundu haikuwa na mnyororo. Lakini nyekundu ikiharibika, fundi wake alikuwa mmoja nchi nzima, naye hapokei simu.

Hesabu zilikuwa safi, na kila jioni kijivu ilishinda. Mzee akaongeza safu ya heshima barabarani. Kijivu ikashinda tena. Akaongeza safu ya redio, kisha safu ya rangi, na kwenye safu ya kumi na nne nyekundu ikapata ushindi wa alama moja. Huyu ndiye yule yule aliyekuwa akiwakamata madereva wanaoacha tairi moja nje ya mizani.

Mkewe alilisoma daftari lote akiwa kwenye cherehani, akilamba kidole kila anapofungua ukurasa. Alipomaliza aliuliza kwa nini hakuna safu ya mzigo.

"Hii ni pikipiki, mama watoto. Si lori."

"Ina kibati kilichoandikwa mwisho wa uzito, nimekiona kwa macho yangu. Miaka yote umeniambia kisichopimwa hakipandi barabara. Basi tukapimwe. Ikipita, nitapanda. Isipopita, mimi napanda basi, wewe baki na redio yako."

Mzee akacheka. Alikuwa na hakika.

Kesho yake asubuhi walifika mizani, yeye na mkewe juu ya ile nyekundu, muuzaji akiwafuata na ya kijivu. Sanduku la mama lilikuwa limefungwa nyuma ya muuzaji, kwa maana mabegi ya nyekundu yalikuwa yamejaa vifaa vya mzee: spana, pampu, plagi na vipuri vya kila aina, karakana nzima, kwa ajili ya yule fundi asiyepokea simu. Kibandani alikaa sasa binti aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe. Malori tisa yalikuwa kwenye foleni. Habari zilisambaa, madereva wote wakashuka.

Mwisho wa uzito kwenye kibati cha nyekundu ulikuwa kilo mia tano na sitini. Kioo cha namba kikatulia kwenye mia tano na themanini. Taa ikawa nyekundu.

Hakuna aliyecheka mwanzoni, kwa adabu. Kisha dereva mmoja wa makamo, ambaye mzee alimtambua mara moja, akakohoa na kumshauri kwa upole ashushe godoro. Hapo wakaangua kicheko mpaka utingo mmoja akakaa chini. Mwingine akasema ndiyo hayo, mkuki kwa nguruwe.

Mzee aliyatazama mabegi. Kuyashusha ni kwenda na nyekundu bila spana hata moja, siku tatu, na mwanamke nyuma. Na nguo zao walikuwa hawajazipima bado. Binti akatoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, ni ishirini tu. Naweza kuangalia kwingine."

Ilimuuma. Alitamani aangalie kwingine. Lakini macho ya dereva wa godoro yalikuwa yamemganda usoni.

"Andika ilichosoma," akasema.

Mkewe, bila kuambiwa, akashuka. Alisimama kando ya mizani, mkoba kifuani. Namba zikateremka mpaka mia tano kamili. Taa ikawa ya kijani, na njia ikawa wazi, barabara nzima hadi kwa mjukuu.

"Imepita," akasema mkewe. "Nenda nayo. Mimi nitakukuta huko."

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma mzee. Aliitazama ile taa ya kijani aliyowawashia wanaume maelfu, wote wakienda peke yao. Akazima injini.

"Mzigo uliozidi ni hii pikipiki," akasema, akashuka.

Madereva wenyewe walimsaidia kuhamisha karakana yake. Sanduku la mama likashushwa, kijivu ikawekwa kwenye mizani, mzee mbele, mama nyuma, wote wawili wakitetemeka nayo. Mwisho wake mia nne na themanini. Kioo kikasoma mia nne na sitini. Taa ya kijani. Dereva wa godoro akapiga makofi ya kweli.

"Zimebaki ngapi?" mkewe akauliza.

"Ishirini."

"Mletee baba hilo sanduku langu," akamwambia muuzaji.

Likafungwa nyuma. Mia nne na themanini kamili, kijani. Mzee akageuka taratibu kwenye kiti, akauliza amejuaje.

"Nililipima nyumbani jana," akasema mkewe, akimshika kiunoni. "Nilitoa viatu jozi moja, likawa ishirini kamili. Endesha, mtoto anatungoja."